Pikipiki Inayozima Mlangoni kwa Bi Candelaria

Jumatano, 9 Julai

Barua imefika. Nimeteuliwa kufundisha lugha na falsafa katika shule ya Alto Guásimo, huko juu milimani, kilomita thelathini na moja kutoka hapa. Ni miaka miwili tangu nihitimu, na kwa miaka yote miwili nimekuwa nikimhakikishia Mama kwamba taifa litanikumbuka. Limenikumbuka! Masharti ni mawili. Niripoti ana kwa ana Alhamisi ya tarehe 17, kabla ya saa sita mchana. Na niwe na usafiri wangu, kwa kuwa hakuna basi linalofika huko. Asiyeripoti, nafasi yake atapewa anayemfuata kwenye orodha.

Usafiri ninao. Pikipiki ya Mjomba Heriberto, ile ya 125, imelala uani chini ya turubai tangu magoti yake yalipokataa kupiga kiki. Ameniruhusu niichukue.

Mama alishauri nimwite Yesid, fundi wa jirani. Nilimkumbusha kwamba Yesid na mimi tulikaa dawati moja, na kwamba yeye aliacha shule nami nikaendelea. Mama alisema ndiyo maana yeye ana kazi. Sikumjibu. Kwa usahihi zaidi: nilimjibu kwa dakika ishirini, lakini bila hasira.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata kitabu cha maelekezo. Kimeandikwa kwa Kireno. Si tatizo. Kireno ni Kihispania kilichoshikwa na mafua.

Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama utomvu. Nilimwaga yote, nikasuuza tangi, nikabadilisha oili, nikafungua kabureta na kusugua vitundu vyake vya shaba kwa mswaki. Mama aliuliza mswaki wa nani. Saa kumi jioni, kiki ya tatu, injini ikanguruma. Yesid alichomoza kichwa juu ya ukuta, akauliza kama ile ni injini au ni mbuzi anajifungua.

Kisha Mama akaleta medali ya Bikira wa Karmeli, mlinzi wa madereva. Katika mji huu hata toroli haliendi bila yeye. Nilieleza msimamo wangu: mashine hutii sababu, haitii picha. Mama alieleza wake: bila medali, pikipiki haivuki geti, na ufunguo wa geti uko kwenye aproni yake. Nilikubali kwa ajili ya amani.

Lakini jambo likishakuwa la lazima, msomi hulifanya kisomi. Wengine huining'iniza kwenye usukani kwa uzi, ikalia kama kengele ya ng'ombe. Mimi nimeibandika katikati ya kifuniko cha tangi, kwani ni pana kama kisosi na inakifunika vizuri. Gundi ya kuchanganya, ile ngumu. Nimejaza ukingo wote, mzunguko mzima, pasipo kumwachia hata sisimizi njia. Mama alilia. Kazi safi sana.

Ijumaa, 11 Julai

Jaribio la kwanza. Nilipima petroli kwa kijiti: nusu tangi kamili. Nikatoka saa tatu asubuhi kwa barabara ya mlimani. Kilomita nne na nusu za raha tupu! Kisha injini ikakohoa mara mbili, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni, ikazima. Nilikuwa mbele ya nyumba ya rangi ya waridi. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikachungulia. Petroli tele. Nikafunga. Kiki moja, ikawaka.

Hitimisho: plagi.

Mwenye nyumba, Bi Candelaria, muuza mihogo ya kuchemsha, alinitazama tangu mwanzo hadi mwisho, akanisalimu kwa adabu.

Jumamosi, 12 Julai

Plagi mpya. Nikatoka saa ile ile, kwa mwendo ule ule, na petroli kipimo kile kile, maana sayansi hudai hivyo. Ikazima kwenye nyumba ile ile! Nikafungua, nikachungulia, nikafunga. Kiki, ikawaka.

Kabla sijaondoka, Bi Candelaria alikuja na kahawa. Kukataa kungekuwa ufidhuli. Aliuliza nashughulika na nini. Nikasema mimi ni mhitimu wa falsafa, mwalimu mteule. Akaita ndani: "Marelvis, mwanangu, njoo umwamkie mwalimu!" Binti alitoka, akaniamkia, akaniona nikichungulia tena tangi kwa uhakika zaidi, akarudi ndani akicheka.

Hitimisho: koili inashindwa na joto.

Jumapili, 13 Julai

Koili nimeiazima kutoka kwenye pikipiki ya kinyozi. Ikazima. Nyumba ya waridi.

Leo kulikuwa na kiti barazani, chenye mto uliotariziwa, na shangazi watatu. Nilikula muhogo kwa jibini. Shangazi mkubwa aliuliza nia yangu hasa ni ipi. Nikamjibu kwamba nia yangu ni kufika kilomita ya thelathini na moja. Wakatazamana. Wa pili akasema vijana wa siku hizi husema kwa mafumbo, lakini huyu angalau anakuja kila siku.

Jumatatu, 14 Julai

Mama ameisikia habari kwenye duka la mikate: mwanawe anamchumbia Marelvis. Na Marelvis ni mchumba wa Yesid! Sikuwa na habari. Vitabu vyangu havikulitaja jambo hilo.

Saa tatu Yesid alisimama getini, spana namba kumi na saba mkononi. Alitangaza kwamba amekuja kama mwanamume, si kama fundi. Nilimwambia niko tayari kujadiliana naye kwa hadhi yoyote kati ya hizo. Nikamweleza mambo kwa mpangilio. Akauliza: ikishazima, nafanya nini? Nafungua kifuniko, nachungulia. Halafu? Inawaka. Kila mara? Kila mara. Akaitazama pikipiki, akaitazama medali, akaketi chini na kucheka hadi spana ikamtoka mkononi.

Kwa maelezo yake, chini ya ile medali kuna katundu ka kupitisha hewa. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie juu yake. Isipoingia, petroli inagoma kushuka, injini inakufa kwa kiu. "Umemziba pua, dokta! Mnyama wa watu anaomba hewa, na anaiombea mlangoni kwa mama mkwe wangu!"

Hoja dhaifu. Petroli hushuka kwa uzito wake. Maporomoko hayaombi ruhusa kwa mtu. Alisema nijaze chupa maji, niiinamishe na kidole mdomoni, nione. Sikujaribu. Nadharia haibatilishwi kwa chupa. Aliondoka akisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila mimi nimeanza upara.

Jumanne, 15 Julai

Nimeandika pingamizi la kurasa sita na kulipitisha juu ya ukuta. Mchana nilimwona Yesid akilikata liwe gasketi ya kuziba injini ya mteja. Angalau litasomwa na chombo kinachofanya kazi.

Kwa ajili ya ukamilifu wa utafiti tu, nilimwomba Mama ruhusa ya kuibandua medali. Alishika kichwa. Kumbandua Bikira mkesha wa sikukuu yake! Hayo ndiyo waliyokufundisha huko chuoni? Mada imefungwa.

Zimebaki siku mbili. Mama ameshapiga pasi mashati matano na kulitangazia duka zima la mikate. Nimezungusha skrubu ya kabureta robo tatu kushoto. Hii ndiyo tiba yenyewe. Naihisi.

Jumatano, 16 Julai

Sikukuu ya Bikira wa Karmeli. Magari na pikipiki zote za mji zilitoka kwa maandamano ya baraka, kwa maua, maputo na honi. Nilikwenda kwa sababu za kijamii. Tulizunguka mtaa kwa mtaa, injini ikiimba. Kisha, hatua kumi mbele ya lori lililobeba sanamu na padri, ikakohoa mara mbili.

Nyuma yangu: pikipiki mia nne, mabasi matatu na gari la wagonjwa. Wote honi. Mmoja alipaza sauti kwamba kama nimefika kwa mchumba nishuke niwapishe. Nilianza kumweleza padri hali ilivyo. Padri alidhani naomba baraka ya pekee, akanimwagia nusu ndoo.

Yesid alipenya, Marelvis kakaa nyuma yake, akanyoosha mkono, akalegeza kifuniko changu. Psssss! Pumzi ndefu, kama ya mzee anayeketi. Kiki. Ikawaka. Mama akapiga magoti barabarani, akapaza sauti kwamba ni muujiza. Shangazi wa nyumba ya waridi nao wakapiga magoti.

Kwa hiyo sasa mjini kuna maelezo matatu. La Mama: Bikira. La Yesid: tundu. Langu: ile robo tatu ya skrubu, ambayo huhitaji muda kutulia. Langu peke yake ndilo lililoandikwa.

Baadaye Yesid aliniambia kwa sauti ya chini nimruhusu atoboe gundi kwa sindano, dakika moja tu; njia ya Guásimo si mahali pa mabishano. Nilimshukuru kwa kujali.

Alhamisi, 17 Julai. Alto Guásimo

Niliondoka saa moja. Habari ya tundu siikubali. Nakubali, kwa ushahidi wa macho yangu, kwamba injini hii huhitaji pumziko kila baada ya kilomita nne na nusu, na kwamba wakati wa pumziko mwenyewe hana budi kufungua tangi na kulitazama kwa utulivu. Nimeiita Nadharia ya Pumziko.

Pumziko la kwanza: nyumba ya waridi. Bi Candelaria alifunga mlango. La pili, la tatu, la nne: kamilifu! Hata saa ilikuwa upande wangu. La tano likakutana na mvua. Mvua ya milima hii hainyeshi, humwagwa. Nadharia ilidai kifuniko kifunguliwe. Nikakifungua. Nikatazama kwa utulivu. Nikafunga. Injini ikaenda mita mia mbili, ikafa, na haikunijibu tena.

Kilomita nane za tope jekundu. Nilisukuma moja na nusu. Saa tano na nusu niliketi juu ya jiwe, nikamfikiria yule anayenifuata kwenye orodha. Pengine hajasoma nusu ya niliyosoma. Lakini amekauka. Nikayafikiria mashati matano. Kilichotokea pale juu ya jiwe sitakiandika. Kwa mvua ile, isingewezekana kuthibitisha kilikuwa nini.

Yesid alitokea bondeni, ametapakaa tope hadi nyusi. Mama alimtuma anifuate kwa mbali tangu asubuhi. Akafungua bomba la tangi, akamwaga maji yaliyotuama chini, akalegeza skrubu ya bakuli la kabureta, akamwaga na huko. Kisha akatoa sindano, akatoboa gundi ukingoni bila kugusa hata pindo la Bikira. Kazi ya sindano ilikuwa dakika moja, kama alivyosema. "Panda, dokta. Watoto wa watu wanasubiri kuteswa."

Injini haikusita tena mpaka kileleni. Ni wazi kwamba mvua iliipoza koili.

Saa saba na robo. Mwalimu mkuu, Bi Piedad, alikuwa langoni na mwavuli. Nilianza kueleza nikiwa bado juu ya kiti. Aliniacha nifike kwenye hoja ya tatu, kisha akasema yule wa pili kwenye orodha alikuja jana, akaiona njia, akageuza. Nafasi ni yangu, kwa sharti moja: nikae hapa hapa, kwenye chumba kilicho nyuma ya maktaba, na asinione tena juu ya chombo kile. Akachukua ufunguo. Yesid alikubaliana naye upesi kupita kiasi.

Nimelipokea kama heshima. Mtu wa fikra apaswa kulala karibu na vitabu.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya kwanza ya kazi. Wanafunzi kumi na wanane. Nimewaeleza chanzo cha maarifa. Mmoja ameuliza kama ni kweli nilimziba Bikira pua. Habari hupanda mlima upesi kuliko mimi.

Bi Piedad ni mtu wa wema usio na makelele, nami sipendi kubaki na fadhila isiyolipwa. Ana pikipiki nyekundu ya 100, ya zamani. Kwa miaka sita haijamwangusha hata siku moja. Leo mchana alikwenda kikaoni kwa miguu, maana ni hapo chini tu, akaiacha kivulini. Hivi sasa imelala sakafuni mwa darasa langu, juu ya magazeti, katika vipande arobaini na vitatu, vimepangwa kwa ukubwa. Jana alinisisitizia mara mbili kwamba haina ubovu wowote.

Nitaupata.