Robo Mzunguko wa Skrubu

Jumatatu, 4 Machi
Injini ya boti ya mjomba imezima tena gatini. Ikienda kasi inavumilika. Ikiachwa iungurume taratibu, inakohoa kama mzee aliyeunguzwa na chai, kisha kimya, na mto unatubeba. Jumamosi muuguzi wa zahanati ya ng'ambo anakuja kutupima kama tunafaa kumvushia chanjo. Anataka boti itulie gatini ikiwa imewaka, apakie masanduku ya chanjo. Tukifeli, kazi ni ya Bwana Mpya, jirani yetu, anayeitwa hivyo kwa sababu injini yake bado ina stika. Mjomba ameniahidi usukani kazi ikipatikana.

Nimemwambia asijali, fundi nipo. Akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia shule niliiacha darasa la sita ili wengine nao wapate kuongoza. Alipokwenda kuoga, nikafungua kifuniko, nikakaza skrubu ya kabureta, ile ya kuongeza mwendo wa injini, robo mzunguko. Inanguruma kama simba. Sijamwambia. Fundi mkubwa hatangazi.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi imezima tena. Skrubu imelegea. Nimekaza, robo. Mjomba alitazama mikono yake, kisha akamuuliza mkewe kama jana yeye ndiye aliyefunga banda la kuku.

Jumatano, 6 Machi
Imelegea tena. Skrubu haina miguu. Huyu ni Bwana Mpya. Alipita leo akauliza kama tunauza vyuma chakavu kwa kilo. Nikamjibu tukianza kupima tutaanza na yeye.

Nimekaza, nikachukua rangi ya kucha ya dada, nikatia nukta nyekundu kwenye skrubu. Ikihama, nitajua. Dada kauliza nampaka nani kucha. Nikasema injini. Akasema heri injini, huenda ikapendeza.

Alhamisi, 7 Machi
Kabla hakujakucha nilikuwa chini ya turubai ndani ya boti, spana mkononi, namngoja mhujumu. Nyayo. Kifuniko kikafunguliwa. Nikaruka.

Mjomba, na bisibisi yake.

Hakushtuka. Akaniambia miaka ishirini skrubu hiyo imekaa mahali pamoja, na wiki hii kila asubuhi anaikuta kwingine. Anairudisha, kesho imehama. Amedhani akili inamtoka, kama ilivyomtoka marehemu kaka yake. Juzi alimwambia mkewe Jumamosi ikipita, boti anaiuza.

Nikasema labda ni mtikisiko. Akaitazama nukta nyekundu. Akakitazama kidole changu, nacho chekundu.

"Kumbe ni wewe, mpwa wangu," akasema, akaketi, akacheka mpaka machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko, nadhani. Sikuuliza. Spana ilikuwa nzito ghafla.

Ijumaa, 8 Machi
Leo tumekaa wawili, kifuniko wazi. Mjomba akawasha, akachomoa kwa koleo waya wa plagi ya juu, moja ya zile mbili zinazowasha mafuta. Injini ikataka kukata roho. Akaurudisha, akachomoa wa chini. Hakuna kilichobadilika. Akauliza hiyo inaniambia nini. Nikasema wa chini ni mvivu. Akasema kumbe darasa la sita si haba.

Waya ulikuwa umepasuka, moto haufiki kwenye plagi. Plagi moja ilikuwa inafanya kazi ya mbili, nami nilikuwa naichapa ikimbie zaidi. Tumefunga waya mwingine. Skrubu ya watu haikuwa na kosa lolote.

Jumamosi, 9 Machi
Masanduku manane, dakika kumi, injini inanong'ona. Muuguzi alipakia bila hata kushika ukingo. Tunaanza wiki ijayo. Bwana Mpya alikuwa gatini anafuta stika yake.

Tulimvusha, na wakati wa kurudi mjomba alinipa usukani. Nyumbani akamwambia mkewe boti haiuzwi. Mimi kaniomba jambo moja tu: skrubu ile asiiguse mtu bila kumwambia mwenzake. Nimeapa, mkono kifuani.

Jumapili, 10 Machi
Injini ni nzuri. Ila nikiisikiliza kwa sikio la kifundi, ingeweza kuwa nzuri zaidi. Si robo. Nusu ya robo.

Mjomba amejilaza baada ya chakula. Nimekaza. Kisha nimekwangua ile nukta nyekundu na kutia nyingine mahali papya, skrubu ionekane haijahama, ili mzee wa watu asipate wasiwasi.