Mwanachama Aliye Njiani

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba Mfuko wetu wa Bima ya Afya umefanikiwa kukomesha kabisa maradhi miongoni mwa wafanyakazi wanaohamishwa kikazi. Siri ya mafanikio haya ni Utaratibu wa Mwanachama Aliye Njiani, nilioubuni mwenyewe nikiwa Mkuu wa Kitengo cha Uhamisho.

Utaratibu ni mwepesi. Mfanyakazi akihamishwa, kadi yake inasimama hadi mkuu wa Kitengo cha Uhamisho kule alikotoka athibitishe kwa saini kwamba ameondoka. Ili athibitishe, sharti amwone kwa macho yake. Akimwona, basi ni dhahiri hajaondoka. Muda wote huo mwanachama anahesabiwa yuko njiani, na mtu aliye njiani haumwi, anasafiri tu.

Wengi walielewa. Mbishi alikuwa fundi mmoja wa pampu za maji. Alihamishiwa mtambo mpya, na wiki ya pili bintiye wa miaka minne akabanwa na pumu. Fundi akapanda basi kutwa nzima, akaingia ofisini kwangu na ovaroli yake.

"Mkuu, mtoto anavuta pumzi kama pampu iliyokosa maji. Nisainie tu kwamba nimehama."

"Kijana wangu, nitasainije kwamba umehama, nawe umesimama mbele yangu?"

"Basi natoka."

Akatoka mpaka ng'ambo ya barabara. Nikamwona dirishani, ananipungia mkono nisaini. Nilisikitika sana, maana bado nilikuwa namwona. Kisha simu yake ikalia. Akasikiliza, akakaa chini vumbini, akalia waziwazi, mtu mzima. Nikampelekea fomu ya malalamiko, kwa kuwa sisi tunajali.

Baadaye nikapata habari mbaya ya simu ile. Daktari wa kule alimpokea mtoto bila kadi, akamwekea oksijeni, na mtoto akapona. Samaki mkunje angali mbichi: nikamwandikia daktari onyo kali kwamba akirudia kumtibu mtu aliye njiani, atafukuzwa kazi.

Barua hiyo iliwafurahisha wakubwa. Nikapandishwa cheo na kuhamishiwa mji huohuo wa fundi. Siku ya tatu, maboksi hayajafunguliwa, tumbo likanikata upande wa kulia hata nikatambaa. Mke wangu akanikimbiza hospitali. Daktari akanibonyeza, nikapiga yowe.

"Kidole tumbo hiki," akasema. "Kinataka kupasuliwa leo hii."

Mhudumu wa mapokezi akatazama kompyuta. "Dokta, huyu yuko njiani."

"Mpasue hivyohivyo, baba!" mke wangu akamsihi.

"Mama, natamani sana." Daktari akaonyesha barua iliyobandikwa ukutani. "Lakini tumeonywa."

"Mimi ndiye niliyeiandika!" nikalia.

"Imeandikwa vizuri, mkuu. Sasa wapigieni kule mlikotoka, mkuu wa kitengo asaini kwamba umeondoka."

Niliogopa. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu rasmi. Mke wangu akapiga simu, akapokea karani wangu wa zamani, kwa adabu niliyomfunza mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Mkuu wa kitengo hayupo. Kiti kiko wazi tangu mzee alipohama."

"Si basi wewe andika kwamba amehama!"

"Hilo, mama, mwenye mamlaka ya kulithibitisha ni yeye peke yake. Na lazima awe hapa."