Radhi Mbele ya Waliocheka

Jumatatu, 4 Machi

Lalamiko jipya mezani, na safari hii nimekabidhiwa mimi! Fundi cherehani mmoja anamlalamikia diwani wake. Kwenye mkutano wa kata alisimama kuuliza mtaro walioahidiwa uko wapi. Mheshimiwa akamjibu: "Kaa chini mama, kashone mdomo wako kwanza." Mkutano mzima ukaangua kicheko. Sasa hata watoto wakipita dukani kwake wanamwimbia "shona mdomo".

Kanuni za kitengo chetu cha malalamiko ziko wazi: kwanza suluhu, ikishindikana ndipo kamati ya maadili. Jirani yangu wa meza, ninayemwita Mhuri kwa kuwa anagonga mhuri hata bahasha tupu, kanishauri nipeleke kamatini moja kwa moja. Hana imani na binadamu. Mimi tasnifu yangu ya chuo ilihusu radhi. Kurasa tisini! Ataona.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia Mheshimiwa. Kasema ule ulikuwa utani tu, siku hizi watu hawataniki. Nikamwambia utani huo utamfikisha kamatini. Hapo akasema yuko tayari kuomba radhi, ila ofisini, na mlango ufungwe.

Nikaenda kwa fundi mbio, furaha tele. Duka dogo, nguo zisizo na mikono zinaning'inia kwenye misumari. Alinisikiliza hadi mwisho, pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akauliza mlango ufungwe wa nini. "Mimi sikutukanwa chumbani, mwanangu. Waliocheka ndio wasikie."

Nimerudi nikiwaza. Mmoja anataka faragha, mwingine anataka umma. Basi jibu ni umma mdogo, ndani ya chumba! Nashangaa hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Jumatano, 6 Machi

Mama mdogo, ninayeishi kwake, amekubali kuwa umma. Atakuja na wenzake wa kikundi cha ufumaji. Aliuliza wacheke au wanune. Nikamwambia wakae tu kama raia. Akajibu kwamba yeye ni raia tangu azaliwe na hajawahi kukaa hivyo ninavyotaka.

Nimeongeza madereva wawili wa ofisi na mfagizi. Mhuri kachungulia ukumbini, kaona viti nilivyovipanga, kauliza amefariki nani.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Mheshimiwa aliingia, akaona watu, akasahau kilichomleta. Kifua mbele, sauti juu: "Ndugu wananchi!" Radhi aliomba, tena kwa ufasaha. Aliwaomba radhi madereva kwa ubovu wa barabara. Alimwomba radhi mfagizi kwa vumbi. Aliwaomba radhi akina mama wote wa kata, waliopo na watakaozaliwa. Mama mdogo akapiga vigelegele. Nikamkanyaga mguu. Akadhani namhimiza, akaongeza.

Fundi peke yake hakutazamwa hata mara moja. Akachukua mkoba wake. Mlangoni akaniambia, kwa upole ulionichoma kuliko matusi, kwamba kati ya watu hawa hakuna hata mmoja aliyemcheka, kwa hiyo hakuna awezaye kumrudishia kitu. "Umenikodia watu, mwanangu."

Nilimfuata hadi dukani nikimfafanulia nadharia yangu. Akaketi kushona. Watoto wakapita: "Shona mdomo!" Hakuinua kichwa. Cherehani ilisita kidogo, kidogo sana, kisha ikaendelea. Nikaiacha nadharia. Niliandika kurasa tisini na sikujua kwamba aibu ya mtu inaweza kuwa ndogo kiasi kile, na kurudi kila mara mlango ukiwa wazi. Angeufunga, wateja wasingeingia.

Nikamwomba radhi. Ilirefuka kidogo, nikagusia sura ya tatu ya tasnifu. Alipoona nimemaliza akasema: "Hujaniomba radhi, mwanangu. Umenifundisha."

Ijumaa, 8 Machi

Mkuu wa kitengo kaniita. "Binti, suluhu si harusi." Lalamiko limepewa Mhuri. Kamati ilikuwa na kikao mchana huu huu. Fundi akaeleza, Mheshimiwa akajikanyaga, wakaamua: aombe radhi kesho kwenye mkutano wa kata, mbele ya watu wale wale. Wala haikuchukua muda. Mhuri aligonga mhuri wake kwa raha zote. Niliusikia kwenye meno.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilikwenda mkutanoni, nikasimama nyuma kabisa. Mheshimiwa alianza na "Ndugu wananchi", kama kawaida yake. Fundi akainuka pale alipokuwa. Akasimama tu. Watu wakageuka kumtazama yeye, na Mheshimiwa hotuba ikamwishia mdomoni. Mwishowe akamtazama. Akasema: "Mama, nilikukosea. Ulikuwa na haki ya kuuliza." Hakuna aliyepiga makofi. Wengine waliinamisha macho, wakitazama viatu vyao.

"Nimekusamehe," fundi akasema. "Sasa mtaro uko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Na Mheshimiwa akaaga, akaondoka.

Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi, kwa uaminifu wote. Ni wazi kwamba mbinu yangu ilikuwa sahihi na kilichokosekana ni idadi. Ni wazi pia kwamba swali la mtaro sasa ni lalamiko jipya, na Mhuri hatalipata kabla yangu. Nina mpango. Nitamshauri Mheshimiwa akashonewe suti pale pale kwa fundi, kama ishara ya amani. Atakapokuwa amesimama mikono juu, amejaa pini kiunoni, hawezi kukimbia, mimi nitajitokeza kutoka nyuma ya pazia na kumuuliza habari za mtaro.

Fundi bado sijamwambia. Nataka iwe furaha ya ghafla kwake.