Meli Iliyokaa Mahali pa Mke wa Pili

Absalom Opiyo,
Karibu na Otonglo (ulizia boma lenye meli),
Kisumu.
12 Oktoba 1998

Kwa:
Afisa Anayehusika na Ziwa,
Kisumu.
(Kama hakuna afisa wa namna hiyo, tafadhali barua hii ikabidhiwe yeyote ambaye dirisha lake linatazama maji.)

Bwana Afisa,

KUH: MELI IITWAYO "DORCA" KUKAA BOMANI MWANGU MIEZI MITANO KAMA MKE

Natumaini u mzima, na kwamba ziwa lililo chini ya ofisi yako linakusumbua kidogo kuliko linavyonisumbua mimi.

Mimi ni mtu wa miaka sitini na mmoja, mkulima wa mahindi na mihogo, na mzee wa kanisa, ingawa cheo hicho kimesimamishwa kwa sababu nitakazoeleza. Nina mke mmoja. Naomba uliandike hilo mahali kabla hujaendelea kusoma. Mke mmoja, Beldina, ambaye tulifunga naye ndoa kanisani mwaka wa 1961, mwaka ule ule ziwa lilipoanza kupanda na kumeza shamba la chini la marehemu baba yangu. Kwa hiyo mimi na ziwa tunajuana, siandiki kama mgeni.

Boma langu limezungushiwa ua wa minyaa na lina lango moja. Langoni kuna taa nyekundu inayowaka na kuzima, ambayo nilijipatia kwa juhudi zangu mwenyewe wakati wa mvua za El Nino. Beldina alikuwa ametoka sokoni jioni moja, giza likimfuata nyuma, akatumbukia kwenye mtaro hapo langoni akaumia nyonga. Alilala wiki tatu. Nilimwahidi kwamba hataanguka tena pale, na hajaanguka. Hakuna lango lingine lenye taa kuanzia kwangu mpaka barabara ya Busia. Nataja hilo tu ili ujue unashughulika na mtu wa aina gani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba usiku mmoja wa mwezi wa Mei, maji yalipokuwa yamefika zizini, meli ya mizigo iitwayo Dorca, ikitoka Kendu Bay na magunia ya mtama na kreti za soda, iliacha njia yake ikaja kwangu. Magugumaji yalikuwa yamefunika ziwa na shamba langu pamoja, kijani kitupu, hata mimi mwenye shamba nilikuwa napapasa kwa fimbo nijue mahindi yalikuwa wapi. Meli ilipanda juu ya magugu, ikateleza kwenye matope, ikatoboa ua, ikasimama. Hakuna aliyeumia, na hilo namshukuru Mungu kwa dhati, maana ufuoni huku tumezika watu wengi waliotolewa majini. Lakini boma lina lango. Kila kinachoingia hupita langoni, hata ng'ombe wanajua. Anayeingia kwa kutoboa ua kwetu huitwa mwizi.

2. Kwamba haikusimama mahali popote tu. Bwana Afisa, sijui kwenu ni wapi, kwa hiyo nitafafanua. Kwetu boma hupangwa. Nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, na kando yake, upande ambao kila mtu anaujua, huwa kuna nafasi ya mke wa pili. Nafasi hiyo hubaki nafasi hata kama mwenye boma ni Mkristo na hana nia yoyote. Mimi nilipanda viazi vitamu pale miaka yote ili msimamo wangu uonekane na wapita njia. Sasa meli hii ilikuwa na boma zima la kuchagua. Ilipita zizi, ikapita choo, ikaja kukaa juu ya viazi, imenyooka vizuri, mlango wake ukitazama lango kana kwamba kuna fundi aliyeipimia.

3. Kwamba ina jina la mwanamke, na limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko za duka lolote Otonglo.

4. Hili ndilo zito, na nitalieleza bila kujitetea sana. Usiku ule maji yaliingia nyumbani mpaka kwenye godoro. Beldina alikuwa amewapeleka wajukuu kanisani, kwa sababu kanisa liko mwinukoni, mimi nikabaki kulinda vitu. Mvua ilikuwa inanyesha kama inalipiza kisasi. Nahodha wa meli, Bwana Waliaula, akanichungulia kutoka juu akasema, "Mzee, kuja tu huku ndani, huku iko kavu. Utakufa na baridi bure." Nilipanda. Nilipewa chai ya maziwa na kitanda chenye blanketi mbili, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeuonja tangu Novemba. Asubuhi nilishuka kwa ngazi nikijipangusa uso kwa taulo lililoandikwa DORCA, nikamkuta Beldina amesimama ndani ya maji, viatu mkononi.

Unapaswa kujua kwamba kwetu nyumba mpya bomani huwa nyumba siku mwenye boma anapolala ndani yake mara ya kwanza. Usiku mmoja unatosha. Nimewauliza wazee watatu kama mvua inasamehewa, wakasema hawajawahi kusikia jambo hilo. Beldina alitazama meli, akanitazama mimi, akalitazama taulo. "Baba Anyango," akasema, "kumbe umefungua nyumba." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alichukua beseni lake la samaki akaenda kwao Katito, na hajarudi mpaka leo ninapoandika.

5. Kwamba nimekwenda Katito mara nne. Mara ya tatu nilipeleka mbuzi. Kaka yake Beldina, Bwana Ogola, ambaye tumekuwa tukisikizana miaka yote, alimpokea mbuzi na kunirudisha mimi. Maneno yake yalikuwa haya: "Shemeji, hiyo kitu yako itoke kwanza, halafu ndio tutakaa chini tuongee." Nilimweleza kwamba ni chuma. Akasema ameona wanawake wagumu kuliko chuma na bado walikuwa wake za watu.

6. Kwamba jirani yangu Mama Perez, kila akipita uani, husimama na kusema kwa sauti, "Dorca, hujambo? Mzee anakulisha?" Watoto wa shule wameiga. Hata mimi, Bwana Afisa, naona aibu kukiri, juzi nilijikuta nimejibu kwa niaba yake.

7. Kwamba kanisa limenisimamisha. Nilipokea barua inayosema kuwa kwa kuwa kuna habari za nyumba ya pili bomani kwangu, na kwa kuwa mashahidi wameniona nikitoka humo asubuhi, nisishiriki Meza ya Bwana hadi nitakapotoa maelezo. Nilitoa maelezo. Baraza lilikuja kutazama. Wakazunguka meli mara mbili, mmoja akagonga ubavu kwa kidole, wakaenda zao wakisema watajadili. Mimi sasa hukaa benchi la nyuma pamoja na Wepukhulu, fundi wa injini aliyeachwa kuilinda meli, ambaye wala si wa kanisa letu. Anakuja kwa sababu ya kunionea huruma.

8. Kwamba ziwa lenyewe limenisaliti. Tangu Julai maji yanarudi nyuma. Nimepima kwa hatua: kutoka meli mpaka majini ni hatua mia moja na kumi, na kila wiki zinaongezeka. Mwenye meli, anayekaa Busia, ameniandikia kwa upole kwamba chombo chake kimesajiliwa kuelea, na siku kitakapoelea atakichukua. Trekta ilikuja ikavuta kamba, kamba ikakatika, trekta ikazama kwenye matope na kuvutwa na ng'ombe wangu. Nauliza ofisi yako kwa heshima: ziwa likileta kitu nyumbani kwa mtu, si ndilo linalopaswa kukirudisha? Mgeni akikuletea mbwa akaondoka bila mbwa, ungemwitaje?

9. Mwisho, kwamba nahodha Waliaula ametoa utetezi wa ajabu. Anadai alikuwa anafuata taa. Eti kwenye jiwe la rasi kuna taa nyekundu ya kuongozea vyombo, na yeye huacha taa hiyo upande wa kulia miaka kumi na tisa sasa bila kugusa hata mchanga, na usiku ule aliiacha kulia kama kawaida. Nilimwambia mtu mzima asitafute visingizio. Jiwe la rasi lilikuwa limefunikwa na maji tangu Januari, na mlingoti wake ulikuwa umeinama, nani angeona taa pale? Aligeuka akatazama lango langu, kisha akaenda zake, jambo ambalo nalichukua kuwa ushahidi wa hatia.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ichague moja kati ya haya.

Ama muwaombe wenzenu wa Jinja, ambako maji hutoka ziwani, wayafunge kwa siku mbili ili yapande hadi kwangu na Dorca aondoke kama alivyokuja. Siku mbili tu. Majirani nimewaarifu wahamishe kuku. Ama, kama hilo ni gumu, jina lifutwe liandikwe la kiume, ingawa wazee wamenionya kwamba ikiwa mwanamume itaanza kudai kipande cha shamba. Ama, na hili ndilo rahisi kwenu, mnipe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba meli iliyotajwa si mke, haijawahi kuwa mke, na kwamba usiku wa Mei ulikuwa usiku wa maji. Nakala moja kwa kasisi, nyingine kwa Bwana Ogola, Katito.

Niseme wazi, Bwana Afisa. Nimekula uji wa kujipikia miezi mitano. Nyumba imekauka, nimeipaka rangi upya, nimeweka pazia alilokuwa akilitaka, na hakuna wa kuliona. Miaka thelathini na saba sijawahi kulala siku mbili bila kusikia mtu akinilaumu kwa kuacha mlango wazi. Sasa nauacha wazi usiku kucha na hakuna anayesema neno. Nifanyie lolote unaloweza.

Wasalimie wote ofisini, mama anayepokea barua pamoja na watoto wake, na yeyote anayepima maji asubuhi, mwambie asichoke.

Ni mimi, niliyekaa kando ya ziwa lako tangu kuzaliwa na sijawahi kulilalamikia kabla ya leo,

Absalom Opiyo.

N.B. Bwana Afisa, nilikuwa natafuta bahasha niliposikia mtu anakohoa langoni. Ni Beldina. Amekuja na beseni lake. Anasema jana alimkuta Bwana Waliaula sokoni Katito akingoja gari la Kisii, wakasalimiana, na nahodha akamweleza habari ya taa nyekundu iliyohama ziwani. Hakungoja siku nyingine ipite. Amenishika mkono akanisimamisha chini ya taa ya langoni na kuniuliza jambo moja tu: "Hii nayo ulitoa wapi?"

Nilimweleza ukweli, kwamba niliifungua pale kwenye jiwe la rasi nikiwa na mtumbwi wa kuazima, maana mlingoti ulikuwa unaanguka na taa ingezama bure, na yeye alikuwa kitandani na nyonga, na mimi nilikuwa nimeahidi. Halafu akaketi chini kwenye ule mtaro akacheka mpaka Mama Perez akaja kuangalia kuna nini.

"Yawa," akasema, "kumbe Dorca aliitwa na taa yangu. Basi ni mimi nimemleta."

Bwana Afisa, hilo linabadilisha kila kitu. Kwetu mke mkubwa anaweza kujiletea mwenzake, na anayeletwa na mke mkubwa hafukuzwi na mtu, hata mume. Kwa hiyo tafadhali msiwasumbue wa Jinja. Jina libaki. Trekta isije.

Ila kuna agizo lake moja ambalo nimeogopa kulikataa. Amesema taa irudi kwenye jiwe leo hii kabla ya jua kuzama, kwa sababu kuna mke wa mtu mwingine anayemngojea mumewe kutoka majini, naye hana boma la kupokea meli iliyopotea. Nimeona aibu kubwa, na ninamwomba nahodha radhi kupitia kwako. Wepukhulu ananisindikiza kwa mtumbwi. Mkiwa na betri mpya tuwekeeni, ile ya zamani imefifia kwa kazi ya langoni.

Hapo langoni tutatundika taa ya chemli. Beldina ameshakagua meli ndani nje, na amekuta haivuji hata tone. Sasa hivi ananiita nipandishe jiko na godoro. Inaonekana usiku wa leo nitalala tena kwa Dorca, na mara hii ni kwa amri ya mke wangu, ambaye tayari ananiuliza ni nani aliyeacha mlango wazi.