Kichwa Kinachong'aa na Kimeng'enya cha Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Habari nzito. Profesa anastaafu mwisho wa wiki na maabara inafungwa. Kati yetu wasaidizi wawili, mmoja tu atahamia maabara mpya. Profesa atamtaja Ijumaa. Mwenzangu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mtu wa kuinamia tyubu kutwa nzima bila neno. Simwogopi.

Limebaki jaribio moja. Profesa amezeekea kwenye kimeng'enya kimoja, kinachosaidia kutengeneza mafuta ya utando wa seli. Anasema kwa kawaida kinaelea tu ndani ya seli, hakina kazi, kama karani ambaye bosi wake amesafiri. Asidi za mafuta zikijaa kwenye utando, kinaurukia, kinaung'ang'ania na kuanza kazi. Zikipungua, kinabanduka. Anataka ushahidi wa mwisho kabla hajaondoka. Kimeng'enya chenyewe kimebaki chupa moja ndogo kwenye friza, na hakuna muda wa kutengeneza kingine.

Shemeji kapewa tyubu zenye asidi ya mafuta. Mimi nimepewa zisizo nayo, za kulinganishia. Kazi yangu ni kuonyesha kwamba hakuna kinachotokea. Mimi! Dharau iliyoje!

Jumanne, 4 Machi

Mbinu: anayetaka cheo aonekane tayari anacho. Nimepaka nywele mafuta, yale ya chupa iliyosahauliwa kabatini. Yananuka kidogo, lakini yanang'aa. Mke wangu kauliza kama nimemwagikiwa. Nimemsamehe.

Siku ya jaribio ni marufuku kujipaka chochote. Profesa husimama mlangoni akikagua mikono yetu kama mwalimu wa chekechea. Yangu ilikuwa safi, imepauka kabisa. Nikapita. Kichwa hakikaguliwi.

Nikavaa glavu. Nikafanya kazi kwa utulivu, nikipitisha mkono kwenye nywele kila nilipofikiri. Nilifikiri sana.

Jioni, maajabu! Tyubu zangu zinafanya kazi! Kimeng'enya kimeamka bila asidi yoyote! Nimegundua kitu. Sijamwambia Shemeji.

Jumatano, 5 Machi

Nimetangaza mbele yao wote wawili: kimeng'enya hakihitaji asidi za mafuta. Profesa akaketi. Kisha akaniomba kwa upole nirudie jaribio.

Shemeji akasema tusiguse akiba, tutafute kwanza kosa liko wapi. Kijicho! Nikamwambia asimzibie mwenzake riziki. Profesa akaitoa chupa mwenyewe, kwa mikono miwili.

Nikarudia. Kwa heshima ya ugunduzi nilikuwa nimejipaka mafuta mara mbili. Matokeo yamepanda kuliko ya jana. Nimeshaanza kufikiria picha yangu itatundikwa ukuta gani.

Alhamisi, 6 Machi

Profesa alichelewa, si kawaida yake. Nilimkuta anapanga vitabu kwenye maboksi. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba huenda alikosea tangu ujana wake. Nilimwonea huruma kweli. Nikampoza kwa kumwambia hata wakubwa hukosea. Shemeji akanitupia lile jicho ambalo dada yake hunitupia mezani.

Kisha akanisogelea. Akanusa. Akauliza nimepaka nini kichwani. Nikamjibu mambo ya nyumbani kwangu hayamhusu. Kabla sijakwepa, akanifuta paji la uso kwa kipande cha karatasi ya kuchujia. Akamwambia Profesa kwamba yamebaki matone machache tu ya kimeng'enya, hayatoshi jaribio kamili, lakini yanatosha kujua. Akamuuliza ayatumie au ayatunze. Profesa akasema anataka kujua.

Kile kikaratasi kikaingia kwenye tyubu. Tukasubiri, watu watatu tumeukalia ubao wa benchi moja. Kimeng'enya kikachapa kazi.

Profesa akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Akatueleza kwamba mafuta yakichacha hutoa asidi zile zile. Kumbe alikuwa sahihi siku zote! Sasa anajua. Ila chupa ni tupu, na hana tyubu hata moja safi ya kumwonyesha mtu mwingine.

Niliona aibu. Naandika hivi kwa kuwa hakuna asomaye.

Ijumaa, 7 Machi

Katajwa Shemeji. Mke wangu kampikia karamu, na mimi ndiye niliyetumwa kununua soda.

Profesa alikuja kuniaga. Nikampa mkono. Kwa mazoea akaugeuza na kuukagua. Kisha akakiinamisha kichwa changu, akakikagua nacho, taratibu, kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba angependa kuondoka na kitu mkononi. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa chini, nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: mafuta yalikuwa ya zamani. Nimenunua mapya, chupa kubwa.

Kesho nina usaili kwa watu wanaotengeneza lenzi za darubini. Wanasema kule hata pumzi hairuhusiwi kugusa kioo. Vizuri. Watu makini kama hao watatambua mtu nadhifu akiingia tu mlangoni.

Nimejaribu kupaka usiku huu. Nimeuacha mto unang'aa.