Saa Nne za Usingizi Zilizonishinda

Kambi ya wahamaji wa vita, kando ya Sake
Tarehe 9 Novemba 2023

Kwa Daktari Bibiche,
Msimamizi wa Mashine za Kupumulia, Goma

Mheshimiwa Daktari,

Barua yako imenikuta hai, jambo ambalo ripoti yako inalitilia shaka. Unasema mashine uliyoniazima, ili pumzi isinikatike usingizini, naitumia saa mbili tu kwa usiku badala ya nne. Kwa hiyo Jumatatu atakuja mtu kuichukua, apewe mgonjwa mwenye nidhamu. Nakubali, aje. Ila kwanza mvumilie mzee aliyekimbia Nyabiondo, kwetu Masisi, miaka kumi na moja iliyopita, aorodheshe malalamiko yake.

1. Maski. Ulinipa tatu nizilinganishe. Ile ya vijiti viwili vya puani huchomoka nikigeuka, na katika kibanda chetu akigeuka mmoja hugeuka wote. Ile ya pua peke yake ni nzuri, mradi mdomo ufungwe. Lakini mdomo huu nimeufunga mchana kutwa, miaka yote hii, mbele ya kila mwenye bunduki. Usiku naomba upumzike. Ile ya uso mzima ndiyo iliyonifaa, ingawa jirani yangu Sebahire alichungulia akampigia mke wangu kelele: "Mama Agathe! Kumbe Papa Polycarpe iko pilote ya ndege, na hakutuambiaka?"

2. Kuvuja. Kadi ya kumbukumbu, ambayo muuguzi wako huichukua kila mwezi, inaonyesha hewa inavuja lita hamsini na nane kwa dakika. Unaniagiza nikaze mikanda. Nimekaza hadi masikio yanakaribia kusalimiana. Daktari, ulinipima uso mwezi wa pili, nikiwa bado na mashavu. Mgao wa unga ulipunguzwa mwezi wa sita, na mstari wako mwekundu wa kuvuja unaanza mwezi wa saba. Mashine imepima njaa vizuri kuliko wanaogawa unga. Kosa lake ni kuiita mikanda iliyolegea.

3. Kuanzia tarehe 16 hadi 22 Oktoba umeandika: "Mgonjwa hakushirikiana." Ni kweli. Milio ilipokaribia tulikimbia, mashine ikiwa ndani ya beseni kichwani mwa mke wangu Agathe, nami nyuma nimebeba betri. Sikujua kwamba nilipaswa kuwa nimelala. Safari ijayo nitawaomba wenye mizinga wasubiri nitimize saa zangu.

4. Fomu yako inauliza sababu ya kuamka: koo kavu, haja ndogo, au kelele za jirani. Nimetia alama kwenye kelele za jirani. Nafasi ya mizinga haikuwapo.

5. Hapa ndipo penye ombi langu. Mashine hii imeandika bila woga, kwa tarehe na dakika, usiku tuliolala na usiku tuliosimama. Hakuna tume iliyowahi kuandika ripoti kamili namna hiyo juu ya Masisi. Basi asipewe mgonjwa mwingine. Ipelekwe Kinshasa, iwekwe juu ya meza kubwa, waheshimiwa waisikilize. Wakisinzia, maski tatu zipo, wachague. Mimi niachiwe mkoromo wangu, usiohitaji betri.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango lako, na huyo mgonjwa mwenye nidhamu. Mungu amjalie mashavu.

Wako, anayepumua hadi wakati wa kutia sahihi,

Polycarpe, mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Nimemsomea Agathe barua hii. Ameketi juu ya mashine na anakataa kuondoka. Ameniamuru niandike maneno yake kama yalivyo:

"Docteur, usimusikilize uyu muzee. Mbele iyi mashine ikuje, pumzi yake ilikuwa inasimama, miye nahesabu: moya, mbili, tatu. Nikifika makumi mbili, namupiga mu mbavu. Kila usiku, tangu Nyabiondo. Sasa akiivaa, ata kidogo, miye nalala. Ule muntu wa kuchukua mashine lundi akuje na maski ya kadogo. Kama hana, abakie Goma."

Tafadhali ipuuze barua yote iliyo hapo juu. Hili la kuhesabu nilikuwa silijui.