Naomba Mumwondoe Binti Yangu Kwenye Risala

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mheshimiwa,

KUHUSU: BINTI YANGU, NA MLIVYOMHARIBU

Pokea heshima zangu kutoka kibanda cha kunyolea kilicho mkabala na geti lako, kile chenye pazia la shanga mlangoni. Natumaini hujambo, walimu hawajambo, na yule mwalimu wa jiografia, ambaye nitamtaja hapa chini kwa masikitiko, naye hajambo. Sisi nyumbani miili ni mizima. Mengine yote yameharibika, na ndiyo sababu leo nimezima mashine mapema, nikakaa kwenye kiti cha wateja wangu, nikashika kalamu.

Mimi si mtu wa malalamiko. Nusu ya walimu wako wananyolewa kwangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka hapa na sikio lililokatwa, hata msimu ule wa matokeo mabaya. Lakini sasa maji yamenifika shingoni, na nisiposema nitapasuka.

Kwa faida ya kumbukumbu, niliwaletea mtoto mkimya. Binti yangu ana kigugumizi tangu alipoanza kusema, na kufikia siku alipoingia Kidato cha Kwanza alikuwa ameshaamua kutosema kabisa akiwa nje ya nyumba. Akiitwa jina darasani aliinua mkono, akiulizwa swali alitikisa kichwa, akikanyagwa mguu alisubiri aliyemkanyaga agundue mwenyewe. Mtoto wa kupigiwa mfano. Leo yuko Kidato cha Tatu na simtambui. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmevunja utaratibu wa nyumba yangu. Kwetu kila mtu alikuwa na kazi yake ya kummalizia maneno. Mama yake alimalizia yanayohusu chakula na nguo, mimi yanayohusu ruhusa, na mama yangu mzazi, yaani bibi yake, alimalizia yaliyobaki. Siku moja mtoto alikuja sebuleni kutuarifu kwamba sufuria inaungua jikoni. Mama yake akampa sweta, mimi nikamruhusu kwenda kwa rafiki yake, bibi yake akamwambia choo hakina mtu. Sufuria iliungua, sikatai, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba mtoto hakuhudumiwa. Tulikuwa tunakosea, ila tulikuwa tunakosea haraka, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

2. Ijumaa zenu. Nimearifiwa kwamba kila Ijumaa asubuhi shule nzima husimama mstarini, na yeyote aliyeshindwa na jambo wiki hiyo hupanda jukwaani akaeleza lilivyomshinda na atakavyolijaribu tena, halafu anapigiwa makofi. Makofi, Mwalimu Mkuu! Enzi zetu aliyeshindwa alipigwa makofi pia, lakini ya mashavuni, na alijua la kufanya na maisha yake. Aliyeanzisha mchezo huu ni mwalimu wa jiografia, ambaye Ijumaa ya kwanza kabisa alikiri mbele ya watoto wa watu kwamba alipotea njia akienda harusini, akafika wenzake wanaosha sahani. Mwalimu wa jiografia! Mtu wa namna hiyo alipaswa kunyamaza na kuomba kufundisha somo lingine. Baada yake akapanda kijana aliyesahau maneno yake katikati ya mchezo wa kuigiza, akaamua kufa mapema ili atoke jukwaani. Naye akapigiwa makofi. Wanasema mchezo uliporudiwa alikufa mahali panapostahili, lakini hilo halinihusu.

3. Ijumaa moja binti yangu alipanda. Sikuwepo, ila habari nimezipata kwa mpishi wenu, ambaye hasemi uongo kuhusu kitu chochote kisicho chakula. Mtoto alieleza kwamba jambo lililomshinda wiki ile, na wiki zote za nyuma, ni kuitikia jina lake. Mpishi anasema alikwama sana. Anasema shule nzima ilikaa kimya ikamngoja, hakuna aliyecheka na hakuna aliyemsaidia, hata wale watukutu wa mstari wa nyuma, mpaka akamaliza mwenyewe. Huo ni uzembe. Watoto wote wale, na asipatikane hata mmoja wa kummalizia neno! Alirudi nyumbani akatuhadithia yote kwa kinywa chake. Alianza tukinawa mikono kabla ya kula, akamaliza vyombo vimeshakauka kabatini. Na kila tulipofungua midomo kumsaidia aliinua kiganja, kama askari wa trafiki, nasi tukasimama. Mimi, baba mtu, nimesimamishwa kwenye meza yangu mwenyewe.

4. Simu. Zamani ikiita alikuwa anaikimbia. Sasa anaipokea yeye, na cha kushangaza wanaopiga wanamngoja. Juzi mama mmoja alimsikiliza tangu salamu mpaka kwaheri, akamtakia masomo mema, ndipo tukagundua kwamba alikosea namba.

5. Ugonjwa umeenea. Shemeji yangu, yaani mjomba wa mtoto, aliwahi kuanguka mtihani wa udereva, akatuambia leseni iko njiani, tukamwamini, tukaishi kwa amani. Sasa amesimama mezani akakiri kwamba aliangusha nguzo zote za majaribio na nyingine moja isiyohusika. Akapigiwa makofi. Akarudi kujaribu, akaanguka tena, akaja mbio kutuambia kana kwamba amefaulu. Mama yangu, ambaye kwa umri wake alistahili kupumzika, anajifunza kutuma ujumbe kwa simu. Watu wote anaowajua wameshapokea kutoka kwake ujumbe usio na neno hata moja, na kila akikosea anamwita mjukuu wake: “Mke mwenzangu, njoo unipigie makofi!” Mimi nilifungwa drafti na fundi viatu, jirani yangu wa kibandani, nikaingia ndani nimenuna. Mke wangu akaweka mwiko chini, akapiga makofi. Sikuyaomba.

6. Mmeninyima kazi ya kufariji. Mlipotangaza kwamba mnatafuta mwanafunzi wa kusoma risala siku ya wazazi, binti yangu alijitokeza kujaribiwa. Niliposikia nikaanza kujiandaa kwa huzuni. Nilipanga maneno ya kumpoza moyo, nikanunua na biskuti zile za kopo. Alishindwa, kama nilivyotarajia. Alikwama kwenye “mheshimiwa mgeni rasmi” mpaka muda ukaisha. Akarudi, akala biskuti, akasema kuna majaribio mengine wiki ijayo. Nikanunua kopo jingine. Akashindwa tena, safari hii akiwa ameshampita mgeni rasmi na kufika kwa wazazi. Akala, akashukuru, akaenda zake kufanya mazoezi. Maneno yangu ya faraja bado ninayo, hayajaguswa, na aliyekosa usingizi ni mimi. Mara ya tatu mkamchagua.

7. Amevamia kazi yangu. Anasema kioo cha nyumbani ni kidogo, kwa hiyo kila jioni anakuja kusoma risala mbele ya kioo changu. Mteja yuko kitini, mtoto yuko mbele ya kioo, mimi niko katikati na mashine inanguruma. Akikwama inabidi niizime, maana kelele inamvuruga. Wiki iliyopita fundi viatu alikaa amenyolewa upande mmoja tu, kuanzia “ndugu wazazi” mpaka “tunaahidi kusoma kwa bidii”, na alipoinuka hakulalamikia nywele, alitaka kujua kesho mtoto anaanza saa ngapi. Siku hizi wanakuja hata wazee wawili wasio na unywele hata mmoja wa kunyoa. Wanakaa kwenye benchi langu, wanasikiliza, akimaliza wanashika fimbo zao wanaondoka. Biashara haiendeshwi hivyo.

8. Sasa nafika kwenye risala yenyewe, na hapa naomba uniwie radhi nikienda polepole. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimtuma chumvi. Mwenye duka akamwiga anavyosema. Waliokuwepo wakacheka, akamwiga tena. Mtoto akarudi bila chumvi, akaingia chini ya meza, na tangu siku ile hakusema tena nje ya nyumba. Mwenye duka huyo alikuwa mteja wangu. Alipokuja kunyolewa nilimkaribisha vizuri, nikamfunga taulo, nikampaka poda shingoni, kisha nikamnyoa vibaya kwa makusudi. Alivaa kofia mpaka nywele zilipoota upya. Hiyo ndiyo adhabu iliyokuwa ndani ya uwezo wangu.

Lakini siku ya wazazi uwanja utajaa, Mwalimu Mkuu, na uwanja mzima siwezi kuunyoa vibaya. Akikwama mbele ya umati ule, na mmoja akacheka, na wa pili akafuata, nitafanya nini? Ninyi mmemfundisha kujaribu tena, sawa. Aliyemtoa chini ya meza ni mimi, na mimi ndiye ninayejua ilivyokuwa kazi. Nampenda mtoto huyu kuliko macho yangu. Naogopa. Nimeliandika neno hilo kwa wino ili nisije nikalifuta.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu kwamba binti yangu aondolewe kwenye risala, na ipewe mtoto mwenye ulimi mwepesi. Wapo tele, wengine wanapiga kelele nje ya kibanda changu kila mkipumzika. Naomba pia Ijumaa zifutwe, au angalau watoto wafundishwe kukata tamaa kwa kiasi, mara moja moja, ili sisi wazazi tupate cha kufanya. Mwalimu wa jiografia apewe ramani. Na kama haitakuwa usumbufu, mnirudishie binti yangu katika hali ile niliyomleta, nami nitampokea bila maswali.

Nisipojibiwa nitalazimika kulifikisha jambo hili kwenye kamati ya wazazi. Mwenyekiti wake ananyolewa kwangu kila Jumamosi, na akiwa amefungwa taulo hana pa kukimbilia.

Nisalimie walimu wote, wa zamu na wasio wa zamu. Nisalimie mpishi, mlinzi wa geti ambaye ndevu zake zinanisikitisha, na wale watukutu wa mstari wa nyuma, kwa jinsi walivyotulia siku ile. Mke wangu anakusalimu. Shemeji anakusalimu pia. Mama yangu amekutumia salamu zake kwa simu, ila usihangaike kuzitafuta.

Ni mimi mzazi mwenzako, ninayekuheshimu na ninayekusubiri ng'ambo ya barabara,

Kinyozi wa Getini

Baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa bado wazi binti yangu alipoingia kwa mazoezi yake ya jioni. Aliuliza barua inahusu nini, nikamwambia ni mambo ya wazazi. Akaichukua, akasimama mbele ya kioo, akaisoma yote kwa sauti, fundi viatu na wazee wa benchi wakisikiliza. Kwenye sufuria walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo, naye akacheka pamoja nao. Akafika lalamiko la nane. Akasoma ya chumvi, akasoma ya meza, na alipofika pale penye “naogopa” akakwama. Alikwama kuliko nilivyowahi kumsikia. Neno lenyewe nalijua, mimi ndiye niliyeliandika, lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nilishika kitana kwa mikono miwili. Sikulimalizia. Alilimaliza mwenyewe, akanitazama kupitia kioo, akasema, “Hata mimi, baba. Lakini nitasoma.” Akaongeza kwamba barua ni nzuri, ila ni ndefu, na kwamba Ijumaa mnawapokea hata wazazi.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu uyachukue kama salamu tu. Siku ya wazazi kibanda kitafungwa. Naomba tuwekewe viti vya mbele: mimi, mke wangu, mama yangu, shemeji, fundi viatu na wazee wawili wa benchi. Tutakuja kwa miguu, shemeji bado anajaribu. Na umwambie mgeni rasmi, kwa heshima zake zote, kwamba binti yangu akikwama asimsaidie. Tutangoja.